Mwaka Tuliogoma Kuanika Dagaa

Godeliva amezikwa Rumonge, Burundi, wiki iliyopita na mimi sikuwepo. Habari niliipata kwa simu nikiwa ukumbini, Kigoma mjini, nimekalishwa kiti cha mbele kwenye semina ya elimu, nimewekewa maji na soda kama mgonjwa. Siku hizi tunaitwa wadau. Nikatoka nje kupokea simu, nikarudi, nikakaa. Kijana aliyekuwa anazungumza, suti imemkaa vizuri, akasema tatizo la watoto wa mwambao wa ziwa ni kwamba wazazi wao hawana mwamko wa elimu. Akalirudia neno lenyewe: mwamko. Nikanyanyuka nikamuuliza, "Mwanangu, nani kakwambia tulikuwa tumelala?" Watu wakacheka, wakadhani bibi anatania. Sikuwa natania. Nilikuwa na msiba kifuani na hasira kooni, na vyote viwili vimetoka mahali pamoja: mwaka mmoja pale Kibirizi, ufukwe wa wavuvi kando ya mji, enzi zile Warundi walipokuwa wanavuka ziwa wakikimbia vita, mimi nikiwa msichana wa kuanika dagaa, sina mume wala mtumbwi.

Mimi niliishia darasa la nne. Nalisema mapema asije mtu akalifukua kama siri. Leo nina mitumbwi yangu, nina nyumba mtaa wa Mwanga yenye wapangaji, na hakuna aliyenipa. Lakini sipendi mtu anisimamishe mbele ya watoto na kusema, mnaona, Bi Zuhura hakusoma na amefika. Hiyo ni hila. Mimi nilitoka kama mtu anavyotoka kwenye mtumbwi uliozama: kwa kupiga mikono hovyo na kwa bahati. Wenzangu waliobaki chini hawakuwa wajinga. Wengine walikuwa na akili kunishinda mara nyingi, na ninawajua kwa majina, na wajukuu wao bado wanaanika kwenye mchanga uleule.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya soko la dagaa. Chumba cha udongo, dirisha moja la ubao, na harufu ya dagaa imeingia ukutani hata ukipaka chokaa inarudi. Godeliva alikuja kwangu kwa kuomba maji ya kunywa. Alikuwa amevaa kitenge kimoja na viatu vya kiume, ametembea kupitia Simbo, ametoroka kambi ya wakimbizi iliyo njia ya Kasulu. Kwao Burundi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hakutoroka kwa sababu ya njaa. Alikuwa anamtafuta kaka yake, waliyepotezana naye usiku wa kukimbia, na alikuwa amesikia kwamba mitumbwi ya kutoka upande wa Burundi inafikia Kibirizi. Kila mtumbwi ulioingia alikuwa anausogelea na kuuliza jina moja. Nikampikia ugali wa muhogo na maharage yaliyokolea mawese. Akala taratibu, akalamba vidole, akasema, "Yoo, dada, mawese yenu ni kama ya kwetu." Nikamwambia kila kitu chetu ni kama chenu, hata matusi. Akacheka. Kiha chetu na Kirundi chao ni mtu na mdogo wake, kwa hiyo majirani walipouliza nikasema ni binamu yangu wa Kasulu, na hakuna aliyeuliza tena. Pengine walijua. Mwambao wetu una adabu hiyo ya kutouliza.

Sasa niseme habari ya mwezi, maana bila hiyo huyu kijana wa suti hataelewa kitu. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa haupo, giza limetanda, vipe hutoka na karabai zao na dagaa hufuata mwanga. Hivyo vipe ndivyo mitumbwi ya kuvulia pamoja na watu wake. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaioni taa, na wavuvi hulala nyumbani. Basi maisha yetu yote yalikwenda hivyo: wiki za giza ni kazi na chakula, wiki za mbalamwezi ni mapumziko na madeni. Vipe vikiingia alfajiri, dagaa lazima watandazwe mchangani kabla jua halijakaza, na mikono ya mama peke yake haitoshi. Kwa hiyo watoto walianika. Ukienda shuleni wakati wa mbalamwezi, madarasa yamejaa mpaka madirishani. Ukienda wakati wa giza, mwalimu anafundisha madawati. Hakuna mzazi aliyeamua mtoto asisome. Mwezi ndio ulioamua, na shule ilikuwa imekataa kuutazama mwezi. Shule ilikuwa inasema: mtoto asiyeonekana asubuhi ni mtoro. Mtoro alikuwa anachapwa, akirudia anafutwa, na mtoto wa darasa la saba aliyefutwa jina lake halipelekwi kwenye mtihani wa mwisho. Hapo ndipo mlango ulipokuwa unafungwa. Mtihani ule ulikuwa ndiyo njia moja tu ya kwenda sekondari, na sekondari ndiyo njia ya kuwa nesi, karani, mwalimu, chochote kisicho na magamba.

Godeliva aliona kitu ambacho sisi tulikiona kila siku bila kukitumia. Dagaa wakishatandazwa asubuhi, hakuna kazi mpaka jua lifike kichwani ndipo wageuzwe. Katikati hapo watoto walikuwa wanafukuza kunguru na kutukanana. Siku moja akachukua kijiti, akachora mchangani, akamwita Tausi, binti wa jirani yangu, wa darasa la saba, msichana mrefu mwenye mdomo mkali. "Tausi, hii ni nini?" "Pembetatu." "Na ukikata hapa?" Tausi akamtazama. "Wewe binamu wa Kasulu, wewe ni mwalimu." "Ego," Godeliva akasema, "na wewe ni mwanafunzi. Kaa chini." Ikawa hivyo kila asubuhi ya giza. Watoto walikaa mstari kando ya dagaa, mmoja kwa zamu anafukuza kunguru, na mchanga ndio ubao. Mimi nilikuwa ninasimama nyuma nikijifanya ninapanga makapu. Hesabu za sehemu nilizielewa pale, mtu mzima mwenye maziwa, na sikumwambia mtu.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mwakalinga, alikuwa mtu wa Tukuyu, aliletwa kwetu kwa uhamisho na alikuwa anachukia joto. Nilimfuata ofisini kwake, chumba chenye kabati lisilofunga na picha ya Baba wa Taifa iliyoliwa na mchwa. Nikamwambia, Mwalimu, wiki za giza watoto wa dagaa waje mchana, saa nane, wakishageuza. Wiki za mbalamwezi waje asubuhi na wenzao. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Akavua miwani akaifuta kwa tai. "Zuhura, unadhani sioni? Kwetu watoto hupotea msimu wa chai. Ninaona vizuri sana. Lakini ratiba siyo yangu. Nikibadili saa moja tu bila ruhusa, mkaguzi akija ni mimi ninayehojiwa, siyo mwezi." Nikamwuliza ruhusa inatolewa na nani. Akasema afisa elimu. Nikamwuliza umemwomba? Akasema, "Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya pili aliniuliza kama ninataka kuhamishiwa mbali zaidi." Akacheka peke yake. Nilitoka pale nikimchukia kidogo na kumhurumia zaidi. Watu hupenda kusema walimu ndio wabaya. Mwalimu Mwakalinga hakuwa mbaya. Alikuwa amebanwa mahali ambapo mtu mwema na mtu mbaya hufanya kazi ileile.

Afisa mwenyewe nilimsikia kabla sijamwona. Mzee Sadiki, mwenye vipe vingi kuliko wote pale Kibirizi, alikuwa ananiita kupika anapokuwa na wageni, kwa sababu samaki wangu, mgebuka wa nazi, alikuwa na jina. Siku hiyo nilikuwa uani ninapakua wali, wao wako sebuleni, pazia tu katikati. Mzee Sadiki alikuwa anakula kwa sauti. Afisa akamwambia, "Mzee, watu wako wananisumbua. Wanataka shule ifuate mwezi, kama mfungo." Wakacheka wote wawili. Mzee Sadiki akasema, "Wasikusumbue. Watu wa ziwa hawa, shule wanapita tu njia. Mimi sikusoma, na vipe vinaingia." "Na watoto wako?" afisa akauliza. "Wangu? Wangu wako bweni, Tabora. Huko hakuna dagaa." Wakacheka tena. Nikapeleka sinia, nikapiga goti, nikasema, "Karibuni chakula." Afisa akanisifia mkono. Nilikuwa na upawa mkononi na ninamshukuru Mungu kwamba ulikuwa wa mti.

Mkutano wa wazazi ulifanyika uwanjani pa shule, majina ya darasa la saba yakikaribia kupelekwa. Afisa alikaa mezani, Mwalimu Mwakalinga pembeni yake, Mzee Sadiki kwenye kiti chenye mikono kwa kuwa ndiye aliyetoa bati za choo. Afisa akasema kwamba utoro umekithiri, na watoto waliofutwa wamefutwa, majina hayatakwenda. Tausi alikuwa mmojawapo. Nikanyoosha mkono nikasema yale ya saa nane mchana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?" "La nne." "Basi kaa, tuwaachie waliosoma." Watu wakacheka, na waliocheka zaidi walikuwa wa darasa la pili. Nilikuwa bado nimesimama nilipomwona Godeliva anainuka kutoka kwa kina mama. Nikamvuta kitenge. Nikamnong'oneza, kaa, wewe mwanamke, kaa. Akautoa mkono wangu taratibu, kama unavyotoa mkono wa mtoto. Akasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika nyuma bila kupazwa, "Mheshimiwa, mimi ni mwalimu. Nimesomea ualimu na nimefundisha. Watoto hawa si watoro. Ninakuwa nao kila asubuhi pale mwaloni, vipe vinapotia nanga. Waulize swali lolote la darasa la saba, hapa hapa, mbele ya wazazi wao." Tausi alikuwa ameshasimama, amenyoosha kidole hata kabla ya swali. Na afisa hakuuliza swali. Alikuwa na watoto mbele yake, alikuwa na nafasi ya kujua kama wanajua au hawajui, ndiyo kazi anayolipwa, na hakuuliza. Lafudhi ya Kirundi alikuwa ameshaisikia; alimtazama Godeliva miguuni mpaka kichwani, akasema, "Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi?"

Walimchukua kesho yake asubuhi, polisi wawili na gari. Hawakumpiga, hawakumtukana. Mmoja wao alikuwa Muha, akawa anaongea naye lugha moja njia nzima mpaka kwenye gari, wakiulizana habari za mvua. Alikuwa anajua itakuwa hivyo alipoinuka. Alikuwa anajua kwamba akirudishwa kambini hatasimama tena ufukweni kuuliza mitumbwi, na kaka yake huenda akapita Kibirizi bila yeye. Aliinuka hata hivyo, kwa ajili ya watoto wasio wake, wa nchi isiyo yake. Leo wananiambia habari za kujitolea kwa jamii na kunipa fulana. Nenda zako na fulana yako.

Siku ileile nikazunguka nyumba za waanikaji, moja baada ya nyingine. Wanaume walikuwa wamelala, wametoka ziwani. Nikawaambia kina mama: kesho hatuaniki. Mama Tausi akaniuliza, "Na watoto watakula nini?" Nikamwambia sijui. Nilisema kweli, sikujua. Mwingine akaniambia nina kichaa, dagaa wa giza hawasubiri. Nikamwambia ndiyo maana. Wengine walikubali kwa sababu ya watoto, wengine kwa sababu ya Godeliva, na mmoja, ninamkumbuka, kwa sababu tu alikuwa amechoka na alitaka kuona sura ya Mzee Sadiki. Sababu zote nilizipokea.

Vipe viliingia alfajiri vimejaa, dagaa weupe wanameremeta, ile neema tunayoiomba mwaka mzima. Sisi tumekaa mchangani, miguu tumeinyoosha kama tuko msibani, makapu yamefunikwa. Wavuvi wakaita, tukanyamaza. Jua likapanda. Nzi wakaja, kunguru wakaja, harufu ikaanza ile ya utamu ambayo mwanika dagaa akiisikia moyo humwenda mbio. Mikono yangu yenyewe ilikuwa inataka kuinuka. Nikaikalia. Mzee Sadiki akashuka na kanzu yake, kofia upande. "Zuhura! Mnaniua!" "Hatukuui, Mzee. Tumekaa tu." "Anikeni kwanza, tutaongea baadaye." "Hatuna elimu hiyo, Mzee. Mwite afisa aje aanike, yeye amesoma." Kina mama wakapiga vigelegele. Akatisha kwamba ataleta waanikaji kutoka Ujiji. Mama Tausi, yule yule aliyeogopa, akamjibu bila kuinuka, "Walete, Mzee. Sote tuna mashangazi huko." Kufika saa nne alikuwa ndani ya gari lake na wenzake wawili, wanakwenda mjini kwa afisa, na vumbi lao lilisimama barabarani muda mrefu.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Majina yatakwenda. Wiki za giza watoto wa waanikaji watasoma mchana. Siku za mtihani hakuna mtoto mwaloni, na wenye vipe watatafuta mikono kwingine. Basi. Kitu tulichokiomba mwaka mzima kwa adabu, kwa shikamoo na kwa magoti, kilipatikana asubuhi moja kwa sababu dagaa wa tajiri walinuka. Kina mama walikumbatiana. Mimi sikuweza kufurahi. Kumbe ilikuwa inawezekana! Hakukuwa na sheria iliyovunjika, hakuna bunge lililokaa. Mtu mmoja alisema ndiyo, akatia saini, akaenda kula. Ni watoto wangapi walikwisha kufutwa miaka ya nyuma kwa kitu ambacho ni ndiyo ya mtu mmoja? Jioni ile tulikula ugali na chumvi, nyumba zote, maana hatukuwa tumefanya kazi, na nilitafuna kwa hasira mpaka taya likauma.

Niliomba kibali nikaenda kambini na kapu la dagaa. Nilimkuta Godeliva kwenye darasa la turubai, watoto wamebanana hata mahali pa kuweka mguu hakuna, anafundisha. Tukakaa nyuma ya turubai. Nikamweleza yote, mgomo, Mzee Sadiki na kanzu yake, nikamwigiza anavyolia mnaniua. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho akauliza, "Na huo mchana, nani anawafundisha?" Afisa alikuwa ametoa saa, hakutoa mwalimu. Mwalimu Mwakalinga alikuwa anafundisha asubuhi, na mchana anarudi mwenyewe, shati limelowa, sauti imekauka, bila mtu wa kumsaidia. Na mwalimu aliyesomea, anayewajua watoto hao kwa majina, alikuwa amekaa mbele yangu nyuma ya uzio. "Yoo," akasema. Nikamwuliza habari za kaka yake. Akatikisa kichwa. Nilipoondoka alikuwa amesharudi ndani, ninawasikia wanahesabu.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema ukumbini, lakini muda wa wadau ulikuwa umekwisha. Nilitaka kusema: msituletee mwamko, tuleteeni ratiba. Ulizeni watu wanakula kwa saa ngapi, ndipo mpange shule ifunguliwe saa ngapi. Mkitoa saa, toeni na mwalimu. Na mkiwa na mwalimu aliyekimbia vita, mwenye cheti na mikono miwili, msimfungie nyuma ya uzio huku madarasa yenu yana watoto bila mtu mbele yao. Mwaka uliofuata Mwalimu Mwakalinga alihamishwa, akaja mwingine asiyetujua, zamu ya mchana ikafa bila mtu kutangaza kifo chake. Godeliva alirudi kwao vita vilipopoa, akafundisha mpaka mwisho. Kaka yake hakuonekana. Kila nilipompigia simu aliniuliza shule inakwendaje, na kila mara nilimjibu kwa hasira, naye akaniacha nimalize.

Lakini mwaka ule, mtihani ulifanyika, na ulifanyika wakati wa giza. Asubuhi yake Tausi alipita mwaloni na sare iliyopigwa pasi ya mkaa, penseli mbili ameshika kama mishumaa, amejipaka mafuta mpaka magotini, na wenzake nyuma yake. Vipe vilikuwa vinaingia, vimejaa. Watoto wengine wakapunguza mwendo kwa mazoea, mikono inawawasha. Mama Tausi akawapigia kelele, "Pita! Usitazame huku, pita!" Wakapita. Tukainama sisi, na mikono haikutosha, maana hao wa kutafutwa kwingine walikuja wachache na wavivu. Jua likaanza kukaza. Ndipo Mzee Sadiki akashuka kutoka kwenye gari, akatazama dagaa wake, akatutazama sisi, akavua viatu, akapandisha kanzu akaifunga kiunoni, akachukua kapu. Alitandaza vibaya, rundo hapa rundo pale, nikawa ninamfuata nyuma kusawazisha. Hakuzoea kuinama. Baada ya muda akajinyoosha, mkono kiunoni, jasho linamtiririka kwenye ndevu.

"Zuhura, mgongo unavunjika. Tutafanya hivi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wamalize kuandika, Mzee. Inama."